Leseni ya udalali wa nyumba Marekani: maswali yanayonijia kila wiki

Nina leseni ya wakala wa mauzo ya nyumba hapa Texas, na kwenye kundi letu la WhatsApp mimi ndiye "mtu wa nyumba". Kwa hiyo maswali haya hunifikia msibani, kanisani, na hata kwenye foleni ya kuchukua watoto shuleni. Nimeyaandika kama yalivyoulizwa. Mengi ni ya Texas kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Majimbo mengine nimeyatia pale tofauti yao inapokuwa na maana. Mimi si mwanasheria, na ada za serikali sikuziandika kwa kuwa hubadilika kila mara.

Leseni hii inatolewa na Washington au na jimbo?

Na jimbo. Serikali kuu ya Marekani haimpi leseni dalali wa nyumba hata mmoja. Majimbo yote 50, pamoja na Washington DC, kila moja lina sheria yake, mtihani wake na adhabu zake. California ndiyo iliyoanza: ilitunga sheria mwaka 1917, mahakama ikaitupa, ikatungwa nyingine 1919 na hiyo ikasimama. Texas ilipata sheria yake 1939, na tume ya kuisimamia mwaka 1949. Kabla ya hapo udalali ulikuwa wa yeyote mwenye mdomo, kama tunavyoujua sisi tuliokulia karibu na vijiwe.

Serikali kuu imeingia kwa majirani wa dalali tu. Wathamini wa nyumba wanapewa leseni na jimbo, lakini chini ya jicho la Washington, kwa sababu ya sheria ya 1989 iliyotungwa baada ya vyama vya akiba na mikopo kuporomoka kwa wingi, huku thamani za uongo zikiwa sehemu ya chanzo. Maofisa wa mikopo ya nyumba nao waliwekewa usajili wa nchi nzima kwa sheria ya 2008, mwaka ule ambao mikopo mibovu iliwatoa watu majumbani.

Mbona wengine husema bodi, wengine tume, wengine idara?

Kila jimbo limejenga kivyake. Hapa Texas ni tume, inaitwa TREC (watu hutamka "treki"), makao yake Austin. Ina wajumbe tisa wanaoteuliwa na gavana kwa idhini ya seneti ya jimbo: sita ni mabroka (madalali wa ngazi ya juu wanaowasimamia mawakala), watatu ni wananchi wa kawaida, na kila mmoja hukaa miaka sita. Tangu 2011 tume hii inajiendesha kwa ada za wenye leseni badala ya kungoja bajeti ya bunge.

Florida pia ina tume, ya watu saba, na sheria inataka angalau mmoja wao awe na miaka 60 au zaidi. Ukikumbuka ni wazee wangapi wanaohamia Florida kustaafu, na ni matapeli wangapi wanaowafuata huko, utaelewa kwa nini. California haina bodi kabisa. Kuna kamishna mmoja, anateuliwa na gavana, na chini yake ipo idara nzima. New York kazi hii iko chini ya Idara ya Dola ya jimbo, ofisi ileile inayosajili kampuni. Minnesota iko chini ya Idara ya Biashara.

Majina haya usiyakariri. Unachohitaji ni kujua mlango wa kubisha katika jimbo lako, kwa sababu bodi ya jimbo jirani haina la kukufanyia.

Si Realtor na mwenye leseni ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Leseni hutolewa na jimbo. Realtor ni alama ya biashara ya chama cha binafsi, National Association of Realtors, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1908. Neno lenyewe lilibuniwa na dalali mmoja wa Minneapolis aliyetaka wanachama wajitofautishe na wababaishaji. Mtu anaweza kuwa na leseni halali bila kuwa mwanachama. Chama kina kanuni zake za maadili na kinaweza kumtoza faini mwanachama, ila hakiwezi kumnyang'anya leseni. Wenye uwezo huo ni jimbo peke yao.

Nimeona watu wakipeleka malalamiko kwenye chama, wakasubiri miezi, wakadhani serikali imewapuuza. Serikali hata haikujua habari zao.

Masomo ni ya muda gani? Nimesikia kuna jimbo la wiki moja tu.

Texas wanataka saa 180 za darasa kabla ya mtihani: kozi sita za saa 30. Mbili ni za misingi, halafu sheria ya uwakala, sheria ya mikataba, fomu rasmi za mikataba, na fedha za nyumba. Baada ya hapo unafanya mtihani wenye sehemu mbili, ya kitaifa na ya jimbo, unatoa alama za vidole ili historia yako ikaguliwe, na unatafuta broka wa kukudhamini. Leseni ni ya miaka miwili. Kabla ya kuihuisha mara ya kwanza lazima ufikishe saa 270, na baadaye ni saa 18 kila miaka miwili.

Hiyo habari ya wiki moja inatoka Massachusetts, ambako ni saa 40. Florida ni 63, kisha 45 nyingine baada ya kupata leseni. Minnesota ni 90, California 135, Colorado 168. Sijawahi kuona sababu ya kuniaminisha kwamba mnunuzi wa Denver analindwa mara nne kuliko wa Boston. Saa hizi ni matokeo ya mabunge, shule za kozi na vyama vya madalali kuvutana miaka mingi.

Ushauri wangu: kozi ya fomu za mikataba usiipitie juu juu. Hizo nyingine utazisahau. Hiyo utaitumia kila Jumamosi. Kinachowaangusha wengi wetu si hesabu, ni Kiingereza cha mtihani, ambacho ni cha mahakamani. Aliyesoma Goma au Lubumbashi kwa Kifaransa hukuta swali moja lina "isipokuwa" mbili ndani yake. Weka daftari la msamiati tangu siku ya kwanza.

Sina uraia bado. Wataniruhusu?

Texas inamtaka mwombaji awe na miaka 18, na awe raia au mgeni aliyeingizwa nchini kihalali. Green card inatosha, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi naye hana haja ya kusubiri uraia. California imeenda mbali zaidi: sheria ya 2014 iliruhusu mwombaji atumie namba ya mlipakodi badala ya namba ya Social Security, na haimnyimi leseni kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Lakini leseni si kibali cha kazi. Hayo ni mambo mawili, na la pili haliamuliwi na bodi.

Kama una kesi ya zamani, usiifiche. Texas kuna utaratibu wa kuomba tume ikupime mwenendo kabla hujatumia hela kwenye kozi. Wengi wanaonyimwa hawanyimwi kwa lile kosa la zamani, wananyimwa kwa kuandika "hapana" penye "ndiyo".

Nilikuwa dalali aliyesajiliwa Nairobi. Usajili ule una uzito hapa?

Kisheria hauna. Kenya ina bodi ya kusajili mawakala wa nyumba na ardhi chini ya sheria ya 1984, na kuipata nafasi hiyo si mchezo, lakini Texas haiitambui. Usijisikie vibaya: Texas haitambui hata leseni ya California. Utakaa darasani kama kijana wa miaka 18. Kitakachokusaidia ni jicho ulilokuja nalo. Mtu aliyewahi kufuatilia hati ya shamba lenye warithi wanane hababaishwi na faili la nyumba ya vyumba vitatu huko Arlington.

Kwa nini lazima niwe chini ya broka? Si leseni ni yangu?

Ni yako, lakini bila broka imelala. Sheria inagawa kazi hii ngazi mbili. Wakala wa mauzo ndiye unayemwona akifungua milango. Broka ndiye anayebeba dhamana: mkataba na mteja ni wake, kamisheni inalipwa kwake, kisha anakupa fungu lako. Wakala akipokea kamisheni moja kwa moja kutoka kwa mteja, amevunja sheria hata kama kazi aliifanya vizuri. Kuwa broka Texas kunataka miaka minne ya kazi ndani ya mitano iliyopita na jumla ya saa 900 za masomo, ingawa shahada ya chuo hupunguza sehemu kubwa ya hizo.

Mantiki yake ni hii: mteja akidhulumiwa, pawe na mtu mzima wa kukamatwa shati. Ubaya wake ni kwamba wapo mabroka wenye mawakala mamia ambao hawajui hata sura zao. Ukitafuta mdhamini, acha kuuliza kwanza atakukata asilimia ngapi. Muulize ni nani atapokea simu yako saa tatu usiku mkataba ukikwama.

Ninawasaidia wageni kupata apartment, na wao wananipa "asante" ya dola mia mbili. Kuna ubaya gani?

Swali hili naulizwa kwa sauti ya chini, na jibu halipendezi. Texas, kumtafutia mtu apartment kwa malipo ni udalali, na udalali bila leseni ni kosa la jinai la daraja A: hadi mwaka mmoja jela na faini hadi dola 4,000. Tume nayo inaweza kutoza faini yake hadi dola 5,000 kwa kila kosa, na kila siku kosa linapoendelea ni kosa jipya. Juu ya hayo, uliyempokea pesa anaweza kukudai mahakamani hadi mara tatu ya alichokulipa. Na wewe huwezi kumshtaki aliyekataa kukulipa, kwa kuwa mahakama itakuuliza kwanza namba ya leseni.

Kumsindikiza mgeni, kumtafsiria na kumwonyesha duka la unga wa ugali si udalali. Kinachogeuza wema kuwa udalali ni malipo, au matarajio ya malipo. Kulipwa na ofisi ya apartment badala ya mgeni hakubadilishi kitu. Wakala mwenye leseni anaweza kumpa asiye na leseni zawadi ndogo kwa kumletea mteja, isiyozidi thamani ya dola 50, na isiwe pesa taslimu. Ndiyo maana mimi nagawa sufuria na vikombe.

Wapo waliosamehewa na sheria: mwenye nyumba anayeuza yake, mwanasheria mwenye leseni ya Texas, meneja anayefanya kazi palepale kwenye jengo la apartment, na mtu mwenye hati ya uwakilishi, huyu kwa mauzo yasiyozidi matatu kwa mwaka. Hilo la mwisho likumbuke kaka yako anapokwenda nyumbani kwa muda mrefu na kukuachia nyumba uiuze.

Na anayeuza viwanja vya Kitengela au Bagamoyo kwa watu wa hapa?

Wengi hudhani sheria ya Texas inaishia mpakani. Sheria yenyewe inatafsiri mali isiyohamishika kuwa ni haki yoyote katika ardhi, iliyoko ndani au nje ya jimbo. Kwa hiyo anayekaa Houston akiuza viwanja vya watu wengine kwa kamisheni, hata viwanja vikiwa Kajiado, anafanya udalali ndani ya Texas. Anayeuza kiwanja chake mwenyewe ni jambo lingine.

Sasa mfikirie mnunuzi. Ardhi iko chini ya sheria za kule, si za huku. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, kwa hiyo aliyepoteza uraia wa Kenya alipochukua pasipoti ya Marekani, na hajaurejesha, anaingia mkataba tofauti na alioahidiwa ukumbini. Tanzania nayo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamwekea asiye raia mipaka mikali. Muuzaji mwenye leseni ya huku hana mamlaka ya kukuhakikishia hati ya kule. Akikuonyesha leseni ya Texas kama ushahidi kwamba kiwanja cha Bagamoyo ni safi, shika mkoba wako uende nyumbani.

Nitamjuaje mwenye leseni na asiye nayo?

Kwa dakika mbili. Tovuti ya TREC ina sehemu ya kutafuta jina. Andika, utaona namba ya leseni, kama iko hai, broka anayemdhamini, na adhabu alizowahi kupewa. Karibu kila jimbo lina kitu kama hicho, bila malipo. Tafuta kwa jina la kwenye kitambulisho. "Mama Imani wa nyumba" hutampata humo.

Bila kompyuta pia kuna dalili. Texas, tangazo la wakala lazima lionyeshe jina la broka, kwa herufi zisizopungua nusu ya ukubwa wa mawasiliano ya wakala mwenyewe. Bango la WhatsApp lenye picha yake, namba yake na gari lake, pasipo broka popote, lina kasoro. Pia anatakiwa akupe mapema karatasi inayoeleza huduma za udalali, ikionyesha anamwakilisha nani kati ya mnunuzi na muuzaji. Asipokupa, iombe. Akishangaa inatoka wapi, umeshapata jibu.

Na pesa ya arubuni haiingii kwenye simu ya mtu. Inakwenda kwa kampuni ya hati miliki inayoshika amana, na mkataba wa kawaida wa Texas unakupa siku tatu za kuipeleka baada ya kusainiwa. Ada ya kununua muda wa kujiondoa, ile inayokuruhusu kuvunja mkataba bila kutoa sababu, siku hizi nayo inapitia hukohuko. Nimewahi kukaa na mama mmoja aliyetuma arubuni kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, kwa mtu wa kwao, mtu aliyemwita mwanangu. Hakukuwa na nyumba. Wala hakukuwa na leseni, kwa hiyo hakukuwa na broka wa kumfuata. Leseni haimfanyi mtu kuwa mwaminifu. Inakupa tu mahali pa kumshtaki. Yule mama hakuwa nako.

Nikishtaki kwenye tume, watanirudishia pesa zangu?

Sio tume. Kazi yake ni leseni: kuionya, kuitoza faini, kuisimamisha au kuifuta. Haiwezi kukutetea, kukutafsiria mkataba, kuamua mgogoro wa kamisheni wala kumwamuru mtu akulipe fidia. Watu hukasirika wakilisikia hili, na nawaelewa. Lakini ukilijua mapema utagonga milango miwili kwa pamoja.

Mlango wa kwanza ni malalamiko. Andika, weka sahihi, ambatisha mkataba, risiti, na picha za ujumbe wote, hata ule wa sauti uliouandika kwa Kiingereza. Usiandike hasira, andika tarehe. Unayemshtaki ataarifiwa, kwa hiyo usitegemee siri. Usikae nayo: tume haichunguzi jambo lililopita zaidi ya miaka minne. Likifikia kusikilizwa rasmi, linapelekwa kwa jaji wa ofisi nyingine ya jimbo, ili tume isiwe mshtaki na hakimu kwa wakati mmoja.

Mlango wa pili ni mahakama. Texas, mahakama ndogo za haki husikiliza madai hadi dola 20,000, na unaweza kwenda bila wakili. Ukishinda dhidi ya mwenye leseni na hana kitu, ndipo mfuko wa fidia unapokuja: wenye leseni huuchangia kwa ajili ya watu walioibiwa na wenzao. Lakini hukumu kwanza, mfuko baadaye, na uwe umejaribu kwanza kukusanya deni. California inao pia, na unalipa hadi dola 50,000 kwa muamala mmoja, na hadi dola 250,000 kwa makosa yote ya dalali mmoja. Aliyeibiwa na asiye na leseni hapati senti kutoka mifuko hii.

Wajumbe sita kati ya tisa ni mabroka. Si fisi kapewa bucha?

Swali hili lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ingawa lilipitia kwa madaktari wa meno. Bodi ya meno ya North Carolina, iliyojaa madaktari wa meno, iliwaandikia barua za kuwatisha watu waliokuwa wakiyafanya meno kuwa meupe kwenye maduka makubwa kwa bei nafuu. Bodi ilidai inalinda afya. Tume ya Biashara ya serikali kuu ikasema mnalinda mifuko yenu. Februari 2015 mahakama iliamua kwa kura 6 kwa 3: bodi inayotawaliwa na watu wa soko lilelile inalolisimamia haiwezi kujificha nyuma ya kinga ya jimbo dhidi ya sheria za ushindani, isipokuwa jimbo lenyewe linaisimamia kwa vitendo. Baada ya hapo majimbo kadhaa yalianza kuzipitia upya bodi zao zote, kuanzia vinyozi hadi madalali.

Kwa upande wetu mfano ulikuwapo tayari. Mwaka 2005 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki tume ya udalali ya Kentucky kwa kuwazuia madalali wasimrudishie mteja sehemu ya kamisheni. Nani alinufaika na katazo lile? Si mnunuzi. Kesi iliisha kwa makubaliano na katazo likaondolewa. Texas, kumrudishia mteja wako mwenyewe sehemu ya kamisheni kunaruhusiwa, kwa hiyo omba. Atakayekataa akatae kwa sababu zake, asisingizie sheria.

Hata hivyo sitaki bodi isiyo na mtu wa kazi. Kamati inayoandika fomu zetu za mikataba ina wanasheria sita, mabroka sita na mwananchi mmoja, na fomu zile ni nzuri kwa sababu waliokaa kuziandika wamewahi kuona mauzo yakivunjika kwa ajili ya jiko lililong'olewa usiku wa kuamkia makabidhiano. Wingi wa kura ndio unaonitia shaka. Huyo mwananchi mmoja kati ya kumi na watatu ni kama chumvi ya kuonjesha.

Nilimuuliza wakala mtaa wenye Waafrika wengi uko wapi, akabadilisha mazungumzo. Anatudharau?

Pengine anaogopa kupoteza leseni. Mwaka 1924 kile chama cha madalali kiliweka katika kanuni za maadili kifungu kilichomkataza mwanachama kuleta mtaani watu wa rangi au taifa ambalo eti lingeshusha thamani ya nyumba. Hayo yalikuwa "maadili" hadi 1950 maneno yalipobadilishwa, na tabia yenyewe ilidumu zaidi. Sheria ya makazi ya haki ilitiwa sahihi Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Leo inakataza ubaguzi kwa rangi, asili, dini, taifa, jinsia, ulemavu na kuwa na watoto.

Kumwelekeza mnunuzi mtaa fulani kwa sababu ya rangi yake ni kosa hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Kwa hiyo muulize wakala kuhusu bei, barabara na kodi ya nyumba. Mambo ya kanisa la Kiswahili na duka la mihogo tuulize sisi kwenye kundi.

Siku hizi wanataka nisaini karatasi kabla hata ya kuona nyumba. Ni utapeli?

Hapana. Oktoba 2023, katika kesi ya madai, baraza la wazee wa mahakama (jury) huko Kansas City liliamua kwamba chama cha madalali na makampuni makubwa walikula njama za kupandisha kamisheni. Machi 2024 chama kilikubali kulipa dola milioni 418 na kubadili taratibu, na tangu 17 Agosti 2024 wakala anayetumia orodha ya pamoja ya nyumba lazima awe na mkataba wa maandishi na mnunuzi kabla ya kumtembeza. Jimbo la Washington lilishaliweka hilo kwenye sheria yake tangu Januari mwaka huohuo.

Soma kiwango, soma muda, soma namna ya kujitoa. Hakuna bodi inayopanga kamisheni. Anayekwambia "hii ndiyo rate ya jimbo" anakudanganya. Kama ndiyo mara ya kwanza mnakutana, saini ya siku saba au ya nyumba moja tu.

Wakala anaweza kuniandikia mkataba?

Anaweza kujaza nafasi zilizo wazi kwenye fomu za TREC, basi. Akianza kutunga vifungu vyake ameingia kwenye kazi ya mwanasheria, na hilo nalo ni kosa. Jambo lenu likiwa la ajabu, kama nyumba ya ndugu wanne ambao mmoja yuko Muscat na hapokei simu, lipia mwanasheria.

Nikihamia jimbo lingine leseni inanifuata?

Inategemea unakokwenda. Texas na California hazina makubaliano ya kupokea leseni za nje. Florida ina makubaliano na majimbo kadhaa, na wa huko hufanya mtihani wa sheria za Florida tu. Arizona ilitangulia wengine mwaka 2019 kwa kutambua leseni za kazi nyingi za wanaohamia huko. Vilevile usidhani kila fani ina leseni kila mahali: mkaguzi wa nyumba Texas anapewa leseni na TREC, lakini California mkaguzi wa nyumba hahitaji leseni ya jimbo. Ukihamia huko, ukaguzi mtafutie mtu kwa sifa, maana hakuna rejesta ya kumtafuta.

Shemeji yangu ana leseni lakini haitumii. Naweza kufanya kazi kwa jina lake?

Hapana, shemeji. Na yeye atapoteza yake.